Njia ya Baiskeli Salama: Mama Aseme Nini Kaunti Inapopanga Barabara

Leo sitazungumza juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Nitazungumza juu ya barabara. Najua kuna mama hapo anayeuliza, muuguzi na barabara wapi na wapi? Subiri kidogo, dada yangu.

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja aliingia kituoni mbio akiwa amembeba mtoto wake wa miaka mitano. Alikuwa akimpeleka chekechea kwa baiskeli, mtoto ameketi kwenye keria. Lori likapiga honi nyuma yao. Barabara ile ni nyembamba, na kingo zake zimeliwa na mvua hadi lami imebaki juu kama ngazi. Mama akateremka upesi kwenye changarawe, baiskeli ikayumba, mtoto akakunja mguu ajishikilie, kisigino kikaingia kwenye spoki. Tulikisafisha, tukampa sindano ya pepopunda, tukamfunga. Siku ya kwanza ngozi ilionekana imechubuka tu. Siku ya nne ilikuwa nyeusi. Alipelekwa hospitali kubwa, na hakurudi shuleni kwa wiki saba.

Kabla sijaendelea, sikieni hili. Mguu wa mtoto ukinaswa kwenye spoki usiuvute. Simamisha gurudumu, mwite mtu wa kushika baiskeli, spoki zilegezwe au zikatwe. Osha kidonda kwa maji safi mengi, kifunike kwa kitambaa safi, inua mguu, mlete mtoto kituoni siku hiyo hiyo hata kama huoni damu nyingi. Usipake mafuta ya taa, wala majani ya chai, wala dawa ya meno. Ngozi ya kisigino hukandamizwa ndani, na inaweza kufa baadaye huku wewe ukidhani imepona.

Sasa turudi kwenye barabara. Dawa ya kidonda ninayo kabatini. Dawa ya ukingo uliokatika sina. Hiyo iko mezani kwa wale wanaochora barabara, na ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zinazoua kuliko ugonjwa wowote. Tunalala kwenye neti kwa sababu ya malaria, na ni vizuri, lakini mtoto huyo huyo tunamwachilia asubuhi apite kando ya matatu inayokwenda kasi, bila chochote kati yake na gurudumu.

Wengine mtasema, basi tuache baiskeli. Hapana. Kwetu baiskeli ndiyo inayobeba maji, mahindi ya kusaga, mgonjwa, na mama mjamzito anayekwenda kliniki. Hata jina boda boda lilianza na baiskeli kabla ya pikipiki. Ni vijana wa Busia, kwenye mpaka wetu na Uganda, waliokuwa wakibeba watu tangu miaka ya 1960. Tena kuendesha baiskeli ni dawa. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Kila siku ya kliniki napima akina mama wenye presha na sukari ambao ningependa wapate mwendo wa baiskeli badala ya tembe moja zaidi. Lakini siwezi kumwambia mtu apande baiskeli katika barabara inayomtupa mtaroni.

Nani anapanga barabara hizi? Hadi mwaka 2013 tulikuwa na mabaraza ya miji na madiwani, na wengi wetu bado tunasema kanjo. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho. Lakini si kila barabara ni ya kaunti. Zile kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, na kuna KURA kwa miji na KeRRA kwa mashambani. Hayo ni mashirika ya serikali ya kitaifa yaliyoundwa na sheria ya mwaka 2007. Kwa hivyo swali la kwanza kwa msimamizi wa wadi ni fupi: barabara hii ya shule yetu ni ya nani? Nimeona kikundi cha akina mama kikipeleka barua afisi tatu kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo mwanzoni.

Swali la pili ni lini. Hapa ndipo tunapokosea sana, kwa hivyo chukua kalamu. Kufikia tarehe 1 Septemba kila mwaka, kaunti inatakiwa kupeleka katika bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia tarehe 28 Februari hupeleka mwelekeo wa matumizi ya fedha, na kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Juu ya yote hayo upo mpango wa miaka 5 uitwao CIDP. Ule ulioanza mwaka 2023 unaishia mwaka 2027, na unaofuata lazima wananchi waujadili kabla haujapitishwa. Barabara isiyo na njia ya baiskeli katika karatasi hizo ni vigumu sana kuipata trakta ikishafika. Mkandarasi hulipwa kwa kilichochorwa. Ukimlilia, atakuonyesha mchoro.

Hilo nalijua kwa uchungu. Katika mji mmoja mdogo nilikowahi kufanya kazi, wananchi waliitwa watoe maoni juu ya barabara inayopita mbele ya shule mbili. Mkutano uliwekwa asubuhi, siku ya soko. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa afisi ambayo mama wa kawaida haingii. Waliohudhuria walikuwa wazee, wenye matatu na wenye maduka, na walizungumza juu ya steji na maegesho. Mimi mwenyewe nilikuwa kituoni siku hiyo nikichanja watoto, sikuenda, wala sikutuma mtu. Lami iliwekwa, nzuri, nyeusi, laini. Magari yaliongeza mwendo. Njia ya baiskeli haikuwepo, hata nusu mita. Tulianza kuletewa watoto waliogongwa kutoka sehemu ile ile ambayo zamani mashimo yalikuwa yakipunguza kasi.

Kwa hivyo mkisikia mkutano wa kaunti au wa manispaa, msiende kusema tu "tunataka barabara nzuri." Barabara nzuri kwa dereva inaweza kuwa mbaya kwa mtoto. Semeni vitu vinavyochoreka.

Semeni njia ya baiskeli iinuliwe au itengwe kwa ukingo wa saruji. Mstari wa rangi peke yake haumzuii mwenye pikipiki. Upana uwe kama mita mbili kwa kila upande. Msiogope kutaja kipimo hicho, kwa sababu baiskeli yenye mitungi ya maji pande zote mbili inahitaji nafasi, na nyuma yake kuna mtoto wa shule anayetaka kupita. Mwanzoni mwa njia ziwekwe nguzo fupi za kuzuia magari, lakini ziachane kiasi cha kupitisha baiskeli yenye mzigo na kiti cha magurudumu. Nimeona mahali nguzo zilibanana hadi kijana mlemavu akarudi kupita kati ya magari.

Angalieni pia mitaro. Vifuniko vyenye nafasi zinazoelekea upande baiskeli inakokwenda humeza gurudumu la mbele. Vyuma vyake vikate njia kwa upande. Mahali njia inapofika kwenye lango la petroli au la duka isikatike, iendelee usawa ule ule na gari ndilo lipande tuta. Kwenye shule muombe kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana, na alama za mwendo. Sheria ya Trafiki ilirekebishwa mwaka 2017 ili mwendo karibu na shule usizidi kilomita 30 kwa saa katika saa zilizowekwa. Mtoto akigongwa na gari la mwendo huo ana nafasi kubwa ya kuishi. Kwa kilomita 50 nafasi hiyo hupungua sana. Taa ziwepo pia, kwa ajili ya msichana anayerudi jioni. Na miti, tafadhali, kwa sababu jua letu mnalijua.

Sasa kuna jambo gumu, na sitaki kulipita. Mama anayeuza sukuma na nyanya kando ya barabara ananisikiliza na moyo wake unadunda, kwa sababu njia ya baiskeli ikija, yeye ndiye wa kwanza kufukuzwa. Ana haki ya kuogopa. Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 ilikuwa na njia za watu wa miguu na baiskeli, lakini sehemu nyingine zilijaa meza za biashara na pikipiki, kwa sababu wauzaji huwafuata wateja walipo. Maoni yangu ni kwamba mama mboga aende kwenye mkutano huo huo, na aombe nafasi ya meza ichorwe katika mchoro huo huo, kati ya mti na mti, kando ya njia. Akina mama wa baiskeli na akina mama wa meza wakigombana, mwenye gari atachukua nafasi yote.

Je, kaunti zetu zinaweza? Nairobi iliandika sera yake ya usafiri usio wa injini mwaka 2015, na ndani yake watu wa miguu na wa baiskeli wanatambuliwa kama wenye barabara. Kisumu ilitoa Mpango wa Usafiri Endelevu mwaka 2020, ukitanguliza kutembea, baiskeli na magari ya umma, na sehemu za katikati ya mji zikapata njia pana za miguu. Sisemi kazi imekwisha. Mwenye kuendesha baiskeli Nairobi anajua mahali njia inapoishia ghafla kwenye shimo. Lakini karatasi ikiwepo unaweza kumshika mtu kwa maneno yake mwenyewe. Wala msidhani njia za baiskeli za Uholanzi zilianguka kutoka mbinguni. Mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 waliuawa na magari katika nchi hiyo ndogo, na ni wazazi walioingia barabarani wakadai njia.

Mtaanza wapi? Hesabuni. Asubuhi moja ya shule, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, mama wawili wasimame langoni na daftari: baiskeli ngapi, watoto wangapi kwa miguu, wangapi wamebebwa. Andikeni mahali palipotokea ajali na mwezi wake, bila majina ya watoto. Mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu atawasaidia, na kituo cha afya kinaweza kuwaambia ni majeruhi wangapi kilipokea. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko hotuba ndefu. Mpeni mwakilishi wadi nakala, mpeni msimamizi wa wadi nakala, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mkinyamaziwa, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Na mkutano ukiwekwa siku ya soko, andikeni mapema muombe ubadilishwe.

Wakati huo huo watoto wanaendelea kupanda baiskeli. Muombe fundi akufungie kinga ya spoki pande zote za gurudumu la nyuma, hata ya kipande cha plastiki cha ndoo kuukuu, na mahali pa mtoto kuweka miguu. Mtoto asiyeweza kuketi imara peke yake asibebwe kwenye keria. Kofia ngumu ni nzuri ukiipata. Akianguka na kichwa, kisha akatapika mara kwa mara, akasinzia isivyo kawaida, akapata degedege au majimaji yakatoka puani au sikioni, msingoje asubuhi, nendeni hospitali usiku huo huo.

Yule mtoto wa kisigino sasa anatembea, anachechemea kidogo akichoka. Mama yake ndiye aliyeshika daftari langoni tulipohesabu baiskeli za shule yao. Zilikuwa 64 kwa saa moja na nusu, na ile ya kwanza kuandikwa ilikuwa yake.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya maji ya kunywa wakati wa mvua. Mwenye swali la leo aje kituoni Alhamisi baada ya kliniki ya watoto. Kwaherini.