Unga wa mihogo na miguu ya mtoto

Mama msomaji, ile mihogo michungu unayonunua ku soko, muuzaji aliiloweka siku ngapi? Uliza kwanza. Si neno dogo.

Mu Kwango, hata Kahemba kwenye kuchimbwa almasi, kuko ugonjwa unaoitwa konzo. Munganga Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtoto analala mzima, asubuhi miguu yote miwili imekazana, na haitarudi kuwa sawa. Watu wanasema ni uchawi. Bibi mzee anafukuzwa bure.

Mhogo uko na vitu viwili, kila kimoja mu chumba chake: sumu iliyofungwa, jina lake linamarini, na kitu cha kuifungua. Ukiloweka siku tatu, vyumba vinavunjika, vile viwili vinakutana, sumu inageuka hewa na kwenda. Lakini njaa na biashara vinafanya siku tatu kuwa moja. Sumu inabaki mu unga, macho hayaioni. Mwili unaweza kuitosha kama unapata samaki ao maharagi. Mwenye kula paka bukari ya mihogo kila siku, utaitosha na nini?

Bwana Bradbury wa Australia alitafuta dawa isiyo na bei, na mwaka 2010 wamama wa kijiji kimoja cha Popokabaka walianza kuifuata. Hakukuonekana mgonjwa mpya pale walipofuatiliwa. Kuloweka usiache. Kisha weka unga mu beseni, tia alama unapofika. Ongeza maji na kukoroga: unga unashuka, halafu unapanda. Ukifikia alama tena, basi. Tandaza ku mkeka, usipite unene wa kidole kidogo, muda wa saa mbili ku jua ao tano ku kivuli. Kuku uwafukuze. Pika siku ileile.