Mwili Unapovizuia Virusi vya UKIMWI Wenyewe

Si ajabu mtu anayeishi na VVU kupokea majibu yasemayo kwamba virusi havionekani tena katika damu yake, kisha akajiuliza kama bado ana haja ya kumeza kidonge kila siku. Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo katika namna kinga ya mwili inavyopambana na virusi hivyo.

Kila mwili hupigana. Wiki 2 hadi 4 baada ya maambukizi, virusi huweza kufikia mamilioni katika mililita moja ya damu. Ndipo chembe nyeupe ziitwazo CD8 huingia kazini. Karibu kila chembe ya mwili huanika juu ya ngozi yake vipande vya protini zinazotengenezwa ndani, mithili ya mwenye duka anayetandaza bidhaa barazani. CD8 hupita zikikagua, na zikiona kipande cha kirusi, huiua chembe hiyo kabla haijazaa virusi vipya. Idadi ya virusi hushuka sana. Ndiyo maana asiyetumia dawa huweza kukaa miaka 8 hadi 10 akionekana mzima, ilhali chembe za CD4, ambazo ndizo majemadari wa kinga, zinateketea kidogo kidogo.

Wapo wachache ambao ushindi huo hauishii njiani. Kwa kawaida hukadiriwa kuwa chini ya mmoja katika kila watu 100 wenye VVU: kipimo cha haraka huonyesha maambukizi, lakini virusi havionekani kwa miaka mingi, nao hawajawahi kumeza dawa. Baadhi yao wamerithi kinasaba kiitwacho HLA-B57, ambacho huanika vipande ambavyo kirusi hakiwezi kuvibadilisha bila kujilemaza chenyewe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha pia kwamba kwa baadhi ya watu hawa, virusi vilivyosalia vimenaswa katika sehemu za vinasaba zilizolala, ambako ni vigumu kuzaana. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kuwa jijini Kinshasa, Kongo, watu wa namna hii ni wengi kuliko kwingineko, kati ya asilimia 2.7 na 4.3 ya wenye maambukizi waliopimwa. Sababu yake bado inatafutwa.

Jirani na habari hiyo ni ile ya Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono huko, wakaona kwamba baadhi yao hawakuambukizwa licha ya kukutana na virusi mara nyingi mno. Kinga yao ilikuwa imejizoeza kuvitambua. Lakini baadhi yao waliposimamisha kazi hiyo kwa muda kisha wakairudia, waliambukizwa. Kinga iliyotegemewa haikuwa ngome ya kudumu.

Hapa ndipo penye hatari. Karatasi ya majibu ya mtu mwenye kinga hiyo adimu na ile ya mtu ambaye dawa zimevifubaza virusi vyake hufanana kabisa. Tofauti ni nani anayefanya kazi. Kwa huyu wa pili ni dawa, na akiziacha, virusi vilivyojificha ndani ya CD4 zilizolala huamka, mara nyingi katika wiki chache tu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa. Wapo wenye VVU walioacha dawa za hospitali baada ya hapo, na virusi vikarejea. Hata wale wachache wenye kinga ya asili hawako salama kabisa, kwani baadhi hupoteza uwezo huo baada ya miaka, na miili yao huendelea kuungua kwa uvimbe wa ndani unaodhuru moyo na mishipa. Kwa hiyo tangu mwaka 2016 utaratibu wa Tanzania ni kumwanzishia dawa kila anayekutwa na VVU, bila kusubiri CD4 zishuke.

Dawa hizo na kipimo cha wingi wa virusi hutolewa bila malipo katika vituo vya tiba na matunzo (CTC), kikiwemo cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Aliyekatiza dawa hupokelewa tena, hupimwa na kuanzishiwa upya. Mrina asali anayekwenda kukaa porini, mkulima wa tumbaku anayehamia shambani, au mfanyakazi wa reli aendaye Kigoma au Mpanda anashauriwa kumweleza mhudumu safari yake mapema, ili apangiwe dawa za kumtosha hadi atakaporejea.