INJINI IMENOKI: TUIFUNGUE TUONE

Bila shaka umewahi kusikia watu wakisema, "Gari limenoki." Maana yake ni kwamba injini inagonga kwa sababu kitu kimeharibika ndani. Wengi wakisikia hivyo hudhani gari limekufa. Wengine hukimbilia dukani kununua spea kabla ya kujua kilichoharibika.

Sisi tulikwenda Kibamba kuona injini ikifunguliwa. Kibamba iko kando ya Barabara ya Morogoro. Ukitoka Dar es Salaam utapita Mbezi kwanza, kisha Kibamba, kisha Kiluvya. Zamani Kibamba ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Siku hizi imo katika Wilaya ya Ubungo. Malori ya kwenda bara hupita hapo usiku na mchana, na penye malori hapakosi mafundi.

Chini ya mwembe tulikuta gari dogo la abiria aina ya Toyota Hiace, ambalo wengi huliita Haisi. Mwenye gari ni mama mmoja muuza maandazi. Ada za shule za watoto wake wawili hutoka katika gari hilo. Sasa lilikuwa limesimama wiki tatu.

Fundi wa kwanza alimwambia, "Ringi zimekwisha. Tia ringi mpya, gari litatembea." Wa pili alimwambia, "Tupa injini hii. Nunua ya mtumba." Mama alikuwa ameshakopa nusu ya fedha za injini ya mtumba katika kikundi cha akina mama wenzake.

Fundi wa chini ya mwembe alimjibu tofauti. "Mama, mimi sijui kilichoharibika humu. Sina macho ya kuona ndani ya chuma. Tuifungue, na wewe uwepo."

KINU NA MCHI

Kwanza tujue injini inavyofanya kazi. Injini ya gari hili hutumia dizeli, na ina silinda nne. Silinda ni tundu la mviringo, mfano wa kinu. Ndani ya kila silinda mna pistoni, mfano wa mchi. Pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka inakuwa ndogo zaidi ya mara 20. Hewa ikibanwa hivyo huwa ya moto sana. Dizeli ikipulizwa humo huwaka yenyewe bila cheche, na moto huisukuma pistoni chini.

Pistoni imeungwa na mkono wa chuma uitwao konrodi. Mkono huo umeshika chuma kirefu chenye mapindo kiitwacho krenki. Pistoni zikipanda na kushuka, krenki huzunguka. Krenki ikizunguka, gari huenda. Mashine ya dizeli ya kusagia unga nayo ni hivyo hivyo, ila nyingi zina silinda moja tu.

Gari likienda mbio, krenki huweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 50 kwa sekunde moja. Sema neno "Kibamba." Kabla hujalimaliza, krenki imeshazunguka zaidi ya mara 20.

Je, kwa nini vyuma hivyo haviungui? Ni kwa sababu ya oili. Pale konrodi inapoishika krenki huwekwa beringi. Hii si beringi ya gololi kama ya baiskeli. Ni vipande viwili vyembamba vilivyopinda, kila kimoja nusu duara. Kati ya beringi na krenki huachwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Pampu husukuma oili katika nafasi hiyo, na krenki huelea juu ya oili bila kugusa chuma. Oili ikikosekana, chuma hugusa chuma.

KUSIKILIZA KWANZA

Fundi hakuanza na spana. Aliwasha injini kwa muda mfupi. Alishika bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini sikioni. Akasikia ko! ko! ko! nzito, ikitoka chini.

Kisha akalegeza nati ya bomba la dizeli la silinda ya kwanza, ili silinda hiyo isiwake. Mlio uliendelea. Silinda ya pili, uliendelea. Silinda ya tatu, mlio ukapungua sana. Hapo akajua mgonjwa yuko wapi. (Usifanye jambo hili bila fundi. Dizeli inayotoka kwa nguvu huweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini.)

"Sasa najua ni wapi," alisema, "lakini bado sijajua ni kwa nini."

OILI NA MAKOPO

Betri ilifunguliwa kwanza. Maji yakamwagwa. Oili ikamwagwa katika beseni safi, si chini mchangani, kwa kuwa oili nayo ina habari. Fundi aliizungusha oili juani. Ndani yake mlikuwa na vumbi la kung'aa. Mengine yalikuwa meupe, mengine mekundu kama shaba. Alimwita mama, akamwonyesha. "Hii ni beringi, mama. Inasagika."

Vijana wawili waliishusha injini kwa jeki na cheni. Kila waya waliufunga kitambaa chenye namba. Bolti za kila sehemu ziliwekwa katika kopo lake, na kila kopo likaandikwa kwa chaki. Kijana aliyekuwa akiandika alituambia kwamba mwaka jana alichanganya bolti, akatumia siku nzima kuzipanga. Tangu hapo haachi chaki.

Kifuniko cha juu cha injini huitwa hedi. Hedi hufunguliwa injini ikiwa baridi kabisa. Bolti zake hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kwenda za katikati. Ukizifungua ovyo, hedi huweza kupinda. Fundi aliisafisha hedi, akailaza rula ya chuma juu yake, akajaribu kupitisha kipande chembamba cha kupimia kiitwacho fila. Hakikupita. Hedi haikuwa imepinda. Alitazama pia kama ina ufa karibu na valvu. Hakuuona.

RINGI HAZIKUWA NA KOSA

Sasa zilikuja silinda, zile ambazo fundi wa kwanza alizilaumu bila kuziona.

Silinda za injini hii, zikiwa mpya, zina upana wa milimita 96. Fundi alipima kila silinda juu, katikati na chini. Kila mahali alipima mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu silinda hailiki sawasawa. Pistoni huisukuma zaidi upande mmoja, na tundu la mviringo huanza kuwa kama yai.

Aliandika vipimo vyote katika daftari, akavilinganisha na kitabu cha kiwanda. Silinda zilikuwa zimelika, lakini hazijafika kikomo. Akachukua ringi moja ya zamani, akaisukuma ndani ya silinda, akapima pengo lake. Nalo lilikuwa zuri.

Mama aliuliza, "Kwa hiyo ningenunua ringi ningekuwa nimetupa fedha?"

"Ndiyo, mama. Na gari lingegonga vile vile."

CHINI KULIKUWA NA HABARI

Kabla ya silinda kupimwa, injini ilikuwa imepinduliwa. Bakuli la oili la chini, ambalo mafundi huliita sampu, likatolewa. Kisha zikafunguliwa konrodi. Kila kifuniko cha konrodi kina mwenzake na kina upande wake. Ukibadilisha, beringi haitakaa vizuri. Kwa hiyo fundi alihakikisha namba za kila kifuniko kabla ya kukifungua.

Beringi ya kwanza ilikuwa ya kijivu na laini. Ya pili ilikuwa na michirizi. Ya tatu ilikuwa imelika mpaka shaba ya ndani imeonekana, na kipande kimoja kimekuwa chembamba kama karatasi. Ya nne ilikuwa inaanza kuharibika. Fundi alipitisha ukucha juu ya krenki mahali pa silinda ya tatu. Ukucha ulikwama katika mikwaruzo.

Fundi mwingine angeishia hapo. Angenunua beringi mpya, akafunga, akadai ujira wake. Huyu aliketi juu ya tairi, akatazama. Beringi zote zimekosa oili. Pampu ni nzima. Oili ilikuwa ya kutosha. Basi oili ilikwama wapi?

Aliishika pampu na bomba lake la kunyonyea oili. Mwisho wa bomba hilo pana chujio, wavu mdogo wa kuzuia uchafu. Wavu ulikuwa umezibwa na vipande laini, vyeusi, kama nyama ya dagaa. Alikivuta kipande kimoja kwa koleo, akakiosha kwa dizeli. Ilikuwa gamu ya silikoni.

Mama alikumbuka. Miezi minne nyuma sampu ilikuwa inavuja oili. Fundi mmoja mahali pengine aliifungua, akapaka gamu nyingi badala ya gasketi, akaifunga. Gamu iliyozidi iliminywa ndani, ikakatika vipande, na pampu ikavivuta mpaka kwenye chujio.

Dereva alikuwepo. Aliulizwa kama taa nyekundu ya oili iliwahi kuwaka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ilikuwa inawaka nikisimama kituoni. Nikikanyaga mafuta inazimika. Nilidhani waya ni mbovu."

Waya ulikuwa mzima. Injini ikinguruma taratibu, pampu haikuweza kuvuta oili ya kutosha kupitia wavu ulioziba. Ikienda mbio, ilivuta kidogo zaidi, na taa ikazimika. Ile taa ilisema kweli kwa wiki nyingi.

KUFUNGA TENA

Krenki ilipelekwa mjini kwenye mashine ya kusaga. Mahali pa konrodi zote nne palisagwa kwa kipimo kimoja, milimita 0.25, kwa sababu beringi huuzwa kwa seti. Zikanunuliwa beringi nene za kulingana na kipimo hicho. Iliporudi, fundi alipuliza hewa katika kila tundu la oili ndani ya krenki, kwani vumbi la kusagia likibaki humo litamaliza beringi mpya.

Sampu ilifungwa kwa gamu kiasi kidogo, uzi mwembamba tu unaozunguka ukingo. Bolti zilikazwa kwa spana yenye kipimo. Ringi zilirudishwa zile zile, kila moja katika silinda yake. Gharama zote hazikufika nusu ya bei ya injini ya mtumba. Mama alirudisha sehemu ya mkopo kabla haujazaa riba.

Siku ya kuwasha, fundi alichomoa kwanza waya unaoruhusu dizeli kuingia. Akapiga starta, injini ikazunguka bila kuwaka, ili oili ifike kila mahali. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Wote tuliikodolea macho. Ikazimika. Ndipo alipouchomeka waya, akapiga starta tena, na injini ikawaka.

Fundi alimwambia dereva asibebe mzigo mzito kwa siku za mwanzo, na alirudishe gari baada ya kilomita 1,000 kubadilisha oili. Mama hakuwa na mengi ya kusema. Aliomba apewe ile beringi ya silinda ya tatu. Akamwonyesha dereva, kisha akaifungia katika pindo la khanga, akarudi kwenye maandazi yake.