Shahada ya Kuuliza "Ingekuwaje?"

Mwaka 1998, wilayani Busia, magharibi mwa Kenya, majina ya shule 75 za msingi yaliorodheshwa eneo kwa eneo, kisha yakahesabiwa: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Shule zilizoangukia moja zikapewa dawa za minyoo mwaka uleule. Zilizoangukia mbili zikasubiri hadi 1999, na za tatu hadi 2001. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 30,000, na vipimo vya awali vilionyesha kuwa watoto tisa katika kila kumi walikuwa na minyoo ya aina moja au nyingine.

Kwa nini nyingine zisubiri? Kwanza, mradi haukuwa na uwezo wa kuanza kote kwa mpigo. Sababu ya pili ndiyo iliyowaleta wachumi wawili Wamarekani, Michael Kremer na Edward Miguel. Walitaka kujua kama dawa ya minyoo hupunguza utoro shuleni. Mtu angeweza kugawa dawa, akangoja mwaka, kisha akahesabu mahudhurio. Lakini mahudhurio hupanda na kushuka kwa mambo mengi: mavuno mabaya, barabara kukatika, mwalimu mkuu mpya mwenye msimamo. Isitoshe, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuwa zimevuruga maisha katika sehemu kubwa ya Kenya. Utoro ukipungua, nani angejua kama ni dawa au ni mafuriko yaliyokwisha? Shule zilizokuwa zikisubiri ndizo zilizotoa jibu, kwa kuwa nazo zilinyeshewa na mvua ileile na kuvuna mavuno yaleyale.

Utoro ulipungua kwa robo. Alama za mitihani hazikupanda, na watafiti waliandika hivyo bila kuficha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi za namna hiyo.

Anayetaka kuelewa shahada ya kwanza ya uchumi wa kitakwimu inafundisha nini, aanzie hapo. Wengi huidhania kuwa ni hesabu za fedha, au njia ndefu ya kwenda kuajiriwa benki. Hesabu zimo, tena nyingi, na benki huwachukua wahitimu wake. Ila kiini chake ni swali moja linalorudi kwa sura mbalimbali tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho: bila jambo hili, ingekuwaje? Bila ruzuku ya mbolea, wakulima wangevuna kiasi gani? Bila tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021, watu wangetumiana shilingi ngapi? Kisichotokea hakionekani popote, na kazi ya mchumi huyu ni kutafuta mahali pa kukichungulia.

Katika Afrika Mashariki shahada hii ina majina zaidi ya moja. Chuo Kikuu cha Makerere kinaitoa kama shahada ya sayansi katika uchumi wa kitakwimu, chini ya Skuli yake ya Takwimu na Mipango. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Kenyatta vina shahada za uchumi na takwimu. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoko Changanyikeni jijini Dar es Salaam na kilichoanzishwa mwaka 1961, kinafundisha takwimu zilizofungamana na biashara, kilimo na uchumi. Majina yanatofautiana, lakini mchanganyiko ni uleule: nadharia ya uchumi, hisabati, takwimu na kompyuta.

Fani yenyewe si ya kale. Mnorwe Ragnar Frisch ndiye aliyeipa jina la ekonometriki katika miaka ya 1920, na chama cha kimataifa cha wanaekonometriki kiliundwa Cleveland, Marekani, Desemba 1930. Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya uchumi, mwaka 1969, walipewa Frisch na Mholanzi Jan Tinbergen. Mwaka huohuo Makerere ilipata taasisi yake ya takwimu na uchumi tumizi, iliyoundwa kwa ushirikiano wa serikali ya Uganda na Umoja wa Mataifa. Nchi zilizokuwa zimetoka kujitawala zilihitaji watu wa kuhesabu wananchi, mazao na bei, na waliokuwepo walikuwa wachache mno.

Mshtuko huja muhula wa kwanza. Kijana aliyetoka kidato cha sita kwa tahasusi ya EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, huingia akitarajia mijadala ya umaskini na biashara ya dunia. Anakutana na kalkulasi, matriksi na nadharia ya uwezekano, kila somo na mhadhiri wake, na hakuna anayemwambia yanakutana wapi. Wengi hupata sapu, yaani mitihani ya marudio, za mwanzo hapo. Ni hasara kubwa, kwa sababu mahali yanapokutana pangeweza kuelezwa hata siku ya kwanza, kwa karatasi na penseli.

Chukua wafanyakazi mia moja, kila mmoja awe nukta kwenye karatasi: miaka aliyosoma kwa mlalo, mshahara wake kwa wima. Nukta zitatapakaa, lakini kwa jumla zitapanda kuelekea kulia. Mstari upi upitishwe katikati yake? Mwaka 1805 Mfaransa Adrien-Marie Legendre alichapisha kanuni: pima umbali wa wima wa kila nukta kutoka kwenye mstari, kila umbali uuzidishe kwa wenyewe, jumlisha yote, kisha tafuta mstari ambao jumla hiyo ni ndogo kuliko zote. Kutafuta kilicho kidogo kuliko vyote ni kazi ya kalkulasi. Kukitafuta kwa mambo kumi kwa pamoja, kama vile elimu, umri, jinsia, mjini au kijijini, ni kazi ya matriksi. Na kujua kama mstari ungebaki palepale endapo wangehojiwa watu mia wengine ni kazi ya nadharia ya uwezekano. Masomo matatu yaliyoonekana kama adhabu yamekutana kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo unaitwa regresheni, na mwanafunzi ataishi nao hadi anahitimu.

Kisha anafundishwa kuutilia shaka. Mstari unasema waliosoma zaidi wanalipwa zaidi. Je, wanalipwa kwa sababu walisoma, au walisoma kwa sababu walizaliwa katika nyumba zenye uwezo, ambazo zingewapatia kazi nzuri vyovyote vile? Hapa hakuna shule za kusubiri. Huwezi kumwambia mtoto asiende shule ili wewe upate mtu wa kulinganisha. Esther Duflo alipata njia Indonesia. Kati ya 1973 na 1979 serikali ya nchi hiyo, ikiwa na fedha za mafuta, ilijenga zaidi ya shule 61,000 za msingi, nyingi zaidi kule ambako watoto wengi hawakuwa wakisoma. Waliokuwa wadogo wakati huo walizikuta. Kaka na dada zao waliokwisha kuvuka umri wa shule ya msingi hawakuzikuta. Duflo alilinganisha pengo kati ya wadogo na wakubwa katika maeneo yaliyojengewa shule nyingi na pengo hilohilo kwenye maeneo yaliyojengewa chache. Katika makala aliyoichapisha mwaka 2001 alionyesha kwamba kila mwaka wa ziada wa shule uliongeza kipato kwa takriban asilimia 7 hadi 11.

Mwanafunzi wa Kampala au Nairobi akisoma hayo ana haki ya kuuliza kuhusu kwao. Uganda iliondoa ada ya shule ya msingi mwaka 1997, Kenya mwaka 2003, na madarasa yakafurika. Tatizo ni kwamba ada ziliondolewa nchi nzima kwa siku moja, hivyo hakuna wilaya iliyobaki nyuma ya kulinganishwa. Lakini kulikuwa na wilaya ambako watoto walikuwa wakisoma karibu wote hata kabla ya ada kuondolewa, na nyingine ambako wengi walikuwa nyumbani. Tofauti hiyo ni pa kuanzia, na tasnifu nzuri za shahada ya kwanza huzaliwa kwa maswali kama hayo.

Kuna upande mwingine ambao vyuo vingi huupa muda mdogo kuliko unavyostahili: takwimu zenyewe zinatoka wapi. Mkulima akimwambia mdadisi aliuza magunia kumi ya viazi, dodoso linaandika kumi. Gunia lipi? Sheria ya vipimo Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini sokoni lipo lumbesa, lililojazwa kupita mdomo na kushonewa nyongeza juu. Mwingine anataja debe, mwingine fungu, mwingine kopo. Kabla ya regresheni yoyote mtu lazima aamue kila kimoja kina kilo ngapi, na uamuzi huo unaweza kugeuza mkoa wenye njaa kuwa wenye shibe kwenye karatasi. Mwanafunzi anayeweza kuthibitisha kanuni ubaoni lakini hajawahi kushika dodoso hayuko tayari kwa kazi, hata akiwa na daraja la kwanza.

Vifaa vya kujifunzia vipo. Mwaka 2008 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania ilianza kufuatilia kaya 3,265 na kuzirudia kila baada ya miaka kadhaa. Uganda nayo ina utafiti wa aina hiyo. Takwimu hizo, majina ya watu yakiwa yameondolewa, hupakuliwa bure mtandaoni. Programu ya Stata, inayopendwa na walimu wengi, inahitaji leseni ya kulipia, ila R haina gharama na inafanya kazi ileile hata kwenye kompyuta ya kawaida.

Hata namba kubwa kabisa za nchi zina historia ya namna hiyo. Aprili 2014 Nigeria ilitangaza kuwa uchumi wake ni mkubwa kwa asilimia 89 kuliko ilivyodhaniwa, ikaipita Afrika Kusini. Viwanda havikuwa vimeota usiku mmoja. Mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa ulikuwa bado 1990, na mahesabu hayakuziona vizuri simu za mkononi wala filamu za Nollywood. Septemba ya mwaka huo Kenya nayo ilibadili mwaka wake wa msingi, na uchumi ukaongezeka kwa robo.

Na mwanafunzi anaweza kuwasahihisha wakubwa. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kuwa nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa chini kidogo ya sifuri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitaja walipotetea kubana matumizi. Thomas Herndon, aliyekuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia matokeo ya makala yoyote maarufu. Akachagua hiyo, na namba zikakataa kulingana. Waandishi walipompelekea faili lao la Excel, aliona kanuni ya wastani imeishia mapema na kuziacha nje nchi tano. Yeye na walimu wake waliporekebisha hilo, pamoja na miaka iliyoachwa na namna kila nchi ilivyopewa uzito, wastani ukawa asilimia 2.2. Hiyo ilikuwa Aprili 2013.

Utafiti wa Busia nao haukusalimika. Kremer na Miguel walitoa takwimu zao zirudiwe, na mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha makosa ya ukokotoaji waliyoyakuta. Dai lao jingine, kwamba dawa zilinufaisha hata watoto wa shule za mbali, lilidhoofika, na mabishano yakawa makali. Kuwapa wengine faili lako walikague ni heshima kubwa ya fani hii, nayo ingefaa ifundishwe mapema kama kalkulasi inavyofundishwa.

Wahitimu huenda ofisi za takwimu, benki kuu, wizara za fedha na mipango, kampuni za simu na bima, na mashirika ya utafiti. Wanaopenda kuendelea wana Jumuiya ya Utafiti wa Uchumi Afrika, yenye makao Nairobi tangu 1988, ambayo huendesha masomo ya uzamili kwa kushirikiana na vyuo vya nchi nyingi. Benno Ndulu, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwahi kuiongoza jumuiya hiyo kabla ya kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2008.

Kijana anayejaza maombi ya chuo mwaka huu asitazame jina la shahada peke yake. Atafute orodha ya masomo aone ekonometriki imepewa mihula mingapi, na aulize kama tasnifu ya mwaka wa mwisho hufanywa kwa takwimu halisi au kwa kunukuu vitabu. Aulize pia mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi. Akiweza kupangiwa kutembea na wadadisi nyumba kwa nyumba, dodoso mkononi, akubali, hata kama wenzake wamepangiwa ofisi yenye kiyoyozi.