Je, Wajua? Mchezo wa nyimbo uliomponza mtunzi wake

Je, wajua kwamba Uganda ilipeleka Lagos mchezo uliojaa nyimbo, na mtunzi wake akauawa mwaka huohuo?

Ni Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho, Kampala. Mchezo ni Oluyimba lwa Wankoko, wa 1971. Maneno ni Kiganda, muziki ni wa Wassanyi Serukenya. Waigizaji hawasemi tu, wanaimba.

Wankoko, mtu wa kawaida, ananyakua kiti cha enzi. Wengi walimwona Milton Obote ndani yake, mtawala wa Uganda aliyempindua Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1966. Lakini kufikia 1977 aliyekalia kiti alikuwa Idi Amin. Naye alikipata kwa mtutu wa bunduki. Mtawala wa namna hiyo hahitaji kutajwa jina ili ajue anasemwa yeye.

Tamasha la sanaa la FESTAC, ambako mchezo huo ulipelekwa, lilifungwa Lagos tarehe 12 Februari 1977. Siku nne baadaye, Kampala, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kawadwa naye, watu wa Amin walimchukua palepale kwenye jumba lake la maonyesho. Hakurudi.

Jumba hilo, lililofunguliwa 1959, lingali linaonyesha michezo.