Ubongo Huumba Mwenendo, na Maisha Huumba Ubongo

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtu anayevunjika mguu hupelekwa hospitali bila mjadala, lakini anayeanza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayepoteza hamu ya kula na kuongea na wenzake kwa miezi mizima, hudhaniwa kwanza kuwa amerogwa, amepandwa na mashetani au amejiendekeza tu. Nyuma ya tofauti hiyo ipo imani ya kale, ambayo hata tiba ya Ulaya iliishikilia kwa muda mrefu, kwamba mwili na akili ni vitu viwili vilivyotengana. Utafiti wa ubongo umeidhoofisha imani hiyo kutoka pande mbili, kwani umeonyesha kwamba hitilafu katika ubongo yaweza kubadili hulka ya mtu, na umeonyesha pia kwamba mambo yanayompata mtu maishani, yakiwemo malezi, dhiki na faraja, huubadili ubongo wenyewe. Pande hizo zahitaji kusomwa pamoja, kwa maana anayeshika mmoja tu hupotoka, ama kwa kumlaumu mgonjwa, ama kwa kudhani kwamba mgonjwa hahitaji chochote zaidi ya vidonge.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili huhitaji ukiwa umepumzika. Ndani yake mna seli za neva, ziitwazo niuroni, zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Ishara husafiri ndani ya niuroni kwa njia ya umeme, na inapofika kwenye sinapsi, yaani pengo jembamba lililo kati ya niuroni moja na nyingine, huchochea kumwagwa kwa kemikali ambayo huvuka pengo hilo na kushikwa na vipokezi, yaani protini maalumu zilizo kwenye utando wa seli ya pili. Kemikali hizo, zikiwemo dopamini, serotonini na glutameti, ndizo vipitishi vya neva. Hofu, kumbukumbu, shauku na uamuzi vyote hutegemea mawasiliano hayo, na ndiyo maana kinachoyavuruga huonekana kwa nje kama badiliko la tabia.

Ushahidi wa mwanzo ulitokana na majeraha. Mnamo Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa takriban kilo 6, ambayo baruti iliyolipuka kabla ya wakati iliirusha ikapenya shavuni na kutokea utosini. Gage hakufa, na uwezo wake wa kusema na kutembea ulibaki, lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa mpole na makini amekuwa mwenye matusi, asiyetimiza mipango na asiyejali wenzake. Sehemu iliyoharibika ilikuwa ya mbele ya ubongo, ambayo leo inajulikana kuwa ndiyo inayozuia misukumo ya ghafla na kupima matokeo ya matendo. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba Gage baadaye aliendesha magari ya farasi ya abiria nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi iliyohitaji utaratibu na subira, jambo linaloashiria kwamba alirudiwa na sehemu ya utulivu wake kabla ya kufariki mwaka 1860.

Magonjwa nayo yametoa somo lilelile kwa upana zaidi. Katika karne ya 19 hospitali za wagonjwa wa akili za Ulaya zilijaa watu waliokuwa na majivuno ya ajabu, waliopoteza kumbukumbu na hatimaye kupooza, na madaktari wengi waliwahesabu kuwa watu walioharibiwa na maisha ya anasa. Mwaka 1913, Hideyo Noguchi wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York na mwenzake J. W. Moore walivikuta vimelea vya kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa wa aina hiyo, na penisilini ilipoanza kutumika katika miaka ya 1940, ugonjwa huo ulianza kutoweka katika wodi. Mwaka 2007, Josep Dalmau na wenzake walieleza kisa cha wanawake 12, wengi wao vijana, waliopatwa ghafla na fadhaa na kuona visivyokuwepo, kisha degedege na kupoteza fahamu. Chanzo kilikuwa kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kupambana na maradhi, ambazo kwa wanawake hao zilishambulia vipokezi vya glutameti katika ubongo. Wagonjwa wengi wa aina hiyo hupona wakitibiwa mapema kwa dawa za kutuliza kinga ya mwili na, pale inapohitajika, kwa kuondolewa uvimbe ulioichochea kinga hiyo. Kabla ya ugunduzi huo, mgonjwa kama huyo angeweza kufungiwa wodini au kupelekwa kutolewa mapepo, na katika hali zote mbili angekosa tiba iliyoweza kumwokoa.

Afrika Mashariki yenyewe imechangia katika ujuzi huu. Watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, waliowafuatilia watoto waliopona malaria kali inayoathiri ubongo, wamekuta kwamba baadhi yao hubaki na kifafa au upungufu wa lugha na kumbukumbu, na hivyo mtoto ambaye mwalimu humwona mzembe huenda akawa anabeba athari za homa iliyopita miaka mingi nyuma. Huko Mahenge, kusini mwa Morogoro, Tanzania, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika eneo ambako ugonjwa huo uliogopwa kuwa wa kuambukiza, hata wagonjwa wakala na kulala peke yao, na wengine wakaungua motoni kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kuwagusa walipoanguka. Kifafa hutokana na makundi ya niuroni kutoa umeme kwa pamoja na kupita kiasi, jambo lililoweza kuonekana baada ya Hans Berger wa Jena, Ujerumani, kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Wagonjwa wa Mahenge walipopewa dawa za kuzuia degedege, wengi walirudi mashambani na katika familia zao, na utafiti wa baadaye umekihusisha kifafa cha eneo hilo na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Kuwadhibiti inzi hao na kugawa dawa ya usubi kwa hiyo ni sehemu ya kinga ya afya ya ubongo.

Uraibu ni eneo jingine ambalo hukumu ya maadili imetangulia maarifa. Mwaka 1954, James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waligundua kwamba panya aliyewekewa waya mwembamba katika sehemu fulani za ubongo angebonyeza swichi mara mamia kwa saa ili tu apate msisimko wa umeme. Katika miaka ya 1990, Wolfram Schultz aliwachunguza kima waliopewa matone ya juisi na kuona kwamba seli zao za dopamini zilichangamka sana zawadi ilipokuja bila kutarajiwa, kisha, kima walipojifunza kwamba taa fulani hutangulia juisi, seli zilichangamka kwa taa na kutulia juisi yenyewe ilipofika. Dopamini, kwa hiyo, hufundisha ubongo nini cha kutarajia na kufuatia, na dawa za kulevya huiongeza kwa kiwango ambacho chakula na mazungumzo haviwezi kukifikia, huku michezo ya kubahatisha ikitumia kutotabirika kwa ushindi kuichochea tena na tena. Hii ndiyo sababu mtu aliyeacha heroini kwa miezi kadhaa huweza kuzidiwa na tamaa kwa kupita tu kwenye kijiwe alichozoea, ingawa ameazimia kwa dhati kutorudi. Tanzania ilipoanza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ilifuata mantiki hiyohiyo, kwa sababu dawa hiyo hushika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na heroini, lakini polepole na kwa muda mrefu, hivyo humkinga mgonjwa dhidi ya arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea, na kumpa utulivu wa kufanya kazi na kupokea ushauri nasaha.

Hata hivyo, maelezo ya kemikali yanapofanywa mepesi kupita kiasi hupotosha. Kwa miaka mingi umma umeambiwa kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu ya maisha, husababishwa na upungufu wa serotonini, lakini ushahidi wa upungufu huo haukupatikana kwa uthabiti. Dawa za sonona huongeza serotonini kwenye sinapsi ndani ya saa au siku chache, ilhali nafuu huchukua wiki kadhaa, na pengo hilo limewafanya watafiti wengi waamini kwamba kinachoponya ni marekebisho ya polepole ya mitandao ya niuroni. Dawa hizo zinawasaidia wagonjwa wengi na hazifai kuachwa bila ushauri wa daktari, ila kusaidia kwazo hakuthibitishi kwamba sonona ni upungufu wa kemikali moja.

Hapo ndipo upande wa pili unapoingia. Mtu anapokabiliwa na tishio, kiini kidogo cha ubongo kiitwacho amigdala hutoa tahadhari, na kupitia tezi za ndani ya kichwa na zile zilizo juu ya figo mwili humwaga homoni ya kotisoli, ambayo huongeza sukari katika damu na kuutayarisha mwili kukabili hatari. Mfumo huo huokoa maisha hatari inapokuwa ya muda mfupi, lakini njaa, vita, kipigo cha nyumbani au madeni yasiyokwisha huuacha ukifanya kazi bila kupumzika, na kotisoli inayodumu huathiri hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu na ambayo kwa kawaida husaidia kuuzima mfumo huohuo. Robert Sapolsky, aliyeanza kuwachunguza nyani wa Masai Mara, Kenya, mwaka 1978, aliona kwamba madume wa daraja la chini, wanaonyanyaswa kila siku, walikuwa na viwango vya juu vya homoni hizo. Katika miaka ya 1980 kifua kikuu kiliwaua madume wakali wa kundi moja waliokuwa wakila kwenye jalala la hoteli ya watalii, na kundi lililobaki likawa na uchokozi mdogo na upole mwingi, kiasi kwamba madume wa daraja la chini hawakuonyesha tena dalili hizo za msongo. Binadamu si nyani, lakini kisa hicho chaonyesha wazi kwamba mpangilio wa jamii huingia mwilini.

Kwa watoto ushahidi ni mzito zaidi. Katika utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi zenye walezi wachache waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa familia za kuwalea, na waliopata familia kabla ya kufikisha miaka miwili hatimaye walikuwa na umeme wa ubongo unaokaribia ule wa watoto ambao hawakuwahi kutengwa. Kwa watu wazima pia mlango haufungwi, kwani mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapima watu wenye ugonjwa unaowalazimisha kurudia mawazo na matendo yaleyale, na wakakuta kwamba wale waliopona kwa dawa na wale waliopona kwa tiba ya mazungumzo na mazoezi ya tabia walipata badiliko linalofanana katika kiini kimoja cha ubongo. Mazungumzo yaliyopangwa vizuri, kwa hiyo, ni tiba inayofika mpaka ndani ya fuvu. Katika vijiji 30 vya Uganda, jaribio lililochapishwa mwaka 2003 liliwakusanya watu wenye sonona katika vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, na baada ya wiki 16 waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, ikilinganishwa na asilimia 54.7 katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi hivyo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mreno Egas Moniz, aliyeanza mwaka 1935 kukata nyuzi za neva za sehemu ya mbele ya ubongo ili kuwatuliza wagonjwa, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949, na maelfu ya watu wakafanyiwa upasuaji huo na kuachwa butu wa hisia, kwa sababu madaktari waliamini kwamba kujua mahali pa tatizo ni sawa na kumjua mgonjwa. Hata leo hakuna picha ya ubongo inayoweza peke yake kuthibitisha kwamba mtu ana sonona au skizofrenia, na utambuzi bado unategemea daktari anayesikiliza kwa makini.

Wajibu unaotokana na maarifa haya ni bayana. Badiliko la ghafla la tabia, hasa likiambatana na homa, degedege au kuchanganyikiwa, lapaswa kufikishwa hospitali siku ileile, na kiongozi wa dini au mganga anayeaminiwa na familia anaweza kuokoa maisha kwa kuwa wa kwanza kusema hivyo. Kumfunga mgonjwa kwa minyororo au kumchapa huuongezea ubongo wake msongo uleule unaoudhuru. Serikali nazo, zinapopanga bajeti ya afya ya akili, zina sababu ya kisayansi ya kuhesabu humo, pamoja na dawa, vikundi vya ushauri vijijini, kinga dhidi ya malaria na usubi, na ulinzi wa watoto wadogo dhidi ya ukatili, kwa kuwa vyote hivyo hufanya kazi juu ya kiungo kimoja.