Chaja za Umeme Katika Mji wa Njiani

Gari la umeme linaweza kuchajiwa popote penye soketi, ila muda wa kuchaji hutofautiana mno, na kwa mji mdogo muda huo ndio unaoamua chaja ipi ifungwe na wapi. Nchini Kenya, soketi ya kawaida ya pini tatu hutoa kilowati 2 hadi 3. Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40 itakaa hapo usiku kucha na asubuhi yake pia kabla ya kujaa. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 hufanya kazi hiyo kwa takriban saa sita. Ile ya kasi, ya kilowati 50, huifikisha betri asilimia 80 kwa muda wa saa moja hivi. Baada ya hapo gari lenyewe hupunguza kasi ili kuilinda betri, na kuendelea kungoja ni kuwazibia nafasi wengine tu.

Mtito Andei, ulio karibu katikati ya barabara ya Nairobi na Mombasa, ni mfano mzuri. Safari nzima ni kilomita 480 hivi, na Leaf hiyo hutembea takriban 240 kwa chaji moja. Anayetoka Nairobi husaidiwa na mteremko, kwani mji huu uko karibu nusu ya kimo cha Nairobi juu ya bahari. Anayerudi hupanda, na hesabu yake ni ngumu zaidi. Kwa wasafiri hawa soketi ya gesti humfaa atakayelala. Mwingine anahitaji chaja ya kasi karibu na hoteli ya chakula. Joto la eneo hili la Tsavo nalo halina huruma: betri ya Leaf hiyo haina mfumo wa kupoza kwa maji, hivyo ikichajiwa kwa kasi mara kadhaa kwa siku moja, huanza kupokea umeme polepole.

Kikwazo kikubwa cha chaja ya kasi mara nyingi ni transfoma. Transfoma ndogo ya kVA 50, ya aina inayohudumia vituo vingi vya biashara mashambani, haiwezi kubeba chaja ya kilowati 50 pamoja na maduka, posho mill na nyumba za jirani. Anayetaka chaja hiyo huhitaji transfoma kubwa zaidi, umeme wa fezi tatu, au betri za akiba zinazojazwa taratibu. Chaja mbili tatu za kilowati 7 kwenye ua wa gesti ni nafuu kuliko hayo yote, na pengine ndizo zingepaswa kutangulia.

Plagi nazo hazifanani. Leaf za Japani hutumia CHAdeMO kwa chaji ya kasi, magari ya Ulaya CCS2, na yaliyoundwa kwa soko la China GB/T. Kituo chenye kebo ya aina moja huwaacha wengine wakitazama.

Bodaboda za umeme zina njia yao: kubadilisha betri. Mwendeshaji hufika kibandani, huacha betri iliyoisha, huchukua iliyojaa na kuondoka baada ya dakika chache. Kwa kawaida betri ni mali ya kampuni, kwa hiyo bei ya kununulia pikipiki hupungua, lakini mwendeshaji hubaki amefungwa kwa vibanda vya kampuni hiyo. Kibanda kikifungwa, pikipiki imelala.

Kuhusu gharama, mwaka 2023 Kenya ilianzisha bei maalum ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku ambapo matumizi ni madogo. Kwa bei hiyo, uniti 40 ni shilingi 640, au 320 usiku, kabla ya kodi na tozo nyingine. Mwenye kituo huongeza faida yake na gharama ya vifaa, na kwa chaja ya kasi nyongeza hiyo huwa kubwa, hasa pale inapotumiwa na magari machache kwa siku.